Kutibu Mzizi wa Jino: Ni Njia Gani Inayoziba Vizuri?

  Leo tunazungumza juu ya jino lililooza mpaka ndani, na jinsi daktari wa meno anavyoweza kulitibu bila kuling'oa. Matibabu hayo ni ya mzizi wa jino. Hospitalini wengi huyaita ruti kanali.

Akina mama wanaopelekwa kwa matibabu haya huwa na swali moja. Daktari mmoja hujaza mzizi kwa mkono, mwingine ana chombo cha moto, na mwingine anasema ana saruji mpya. Je, ni njia gani inayoziba vizuri zaidi, ili jino lisioze tena na pesa zisipotee?

Jibu fupi ni hili: tofauti kati ya njia za kujaza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mambo makubwa ni mawili, nayo ni kusafisha vizuri kabla ya kujaza, na kufunika vizuri baada ya kujaza. Hilo la kufunika linakuhusu wewe sana, kwa sababu mara nyingi linategemea kama mgonjwa atarudi kliniki au hatarudi. Tulia nasi tueleze hatua kwa hatua.

Ndani ya jino kuna nini?

Jino si jiwe tupu. Nje lina ganda gumu kuliko mfupa. Chini ya ganda hilo kuna sehemu laini kidogo, na katikati kabisa kuna nyama yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tutaiita moyo wa jino. Moyo huo unateremka kupitia mifereji myembamba mpaka kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego linaweza kuwa na mitatu, minne au zaidi, na kila mfereji unaweza kuwa na vijitawi vidogo visivyoonekana kwa macho.

Tundu la kuoza likifika kwenye moyo wa jino, vijidudu huingia. Hapo ndipo mtu hukosa usingizi usiku kucha. Baadaye maumivu yanaweza kutulia ghafla, na mgonjwa akashukuru kwamba amepona. Kumbe moyo wa jino umekufa, na vijidudu vinaendelea kuteremka polepole mpaka kwenye mfupa. Mwisho wake ni jipu.

Tunajua kwamba adui ni vijidudu. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya mpaka ndani. Panya wa kawaida, wenye vijidudu midomoni, mioyo ya meno yao ilikufa. Panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu chochote, meno yao yalianza kupona yenyewe, ingawa chakula kiliingia kwenye tundu. Kwa hiyo kazi yote ya kutibu mzizi ni kuwatoa wadudu hao na kuwazuia wasirudi.

Fikiria sotet ya mursik

Mama wa huku anaijua kazi hii hata kama hajawahi kuona chombo cha daktari wa meno. Kabla ya kutia maziwa ya mursik, unasafisha sotet mpaka ndani kabisa. Unachukua kijiti cha senetwet kilichochomwa, unakisugua ndani ya kibuyu mpaka mkaa ushike kila mahali. Kisha unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Halafu unafunika.

Hatua hizo ni tatu: kusafisha, kujaza, kufunika. Sotet ikiwa chafu, maziwa yataharibika hata kama ng'ombe wako ni wa gredi. Na ukiiacha wazi jikoni, nzi wataingia hata kama uliisafisha vizuri. Jino nalo ni vivyo hivyo. Daktari anatoa uchafu wote kwa sindano nyembamba za chuma zenye meno kama msasa, anaosha mifereji kwa dawa ya kuua vijidudu, anakausha, anajaza, kisha anafunika juu. Hatua moja ikiharibika, zile nyingine mbili hazitaokoa jino peke yake.

Kijazo chenyewe ni nini?

Watu wengi hudhani mzizi hujazwa na chuma au plastiki. Ukweli ni kwamba kijazo kinachotumika zaidi duniani kinatokana na utomvu wa mti. Kinaitwa gutapacha, na mti wake hukua Malaysia na nchi jirani. Gutapacha hulainika kwa joto na kukaza ikipoa. Katika karne ya 19 ilitumiwa kufunika nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari ili maji ya chumvi yasiingie. Waya uliofika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden ni wa enzi hiyo. Madaktari wa meno walianza kuitumia kujaza mizizi katika karne hiyo hiyo.

Lakini gutapacha haishikani na ukuta wa jino. Ni kama jiwe la kujengea, linahitaji saruji ya kujaza nafasi ndogondogo. Saruji moja ya zamani ambayo bado inatumika huchanganywa na dawa inayotoka kwenye mafuta ya karafuu, zao lile lile la Unguja na Pemba. Ndiyo maana kliniki nyingi za meno hunukia karafuu. Kuna saruji nyingine za aina ya gundi ngumu, na katika miaka ya karibuni zimekuja saruji zenye kalisi ambazo hukaza vizuri hata palipo na unyevu.

Njia za kujaza

Njia ya kwanza ni ya baridi. Daktari anaingiza kijiti kimoja cha gutapacha kilichopakwa saruji, anakisukuma pembeni kwa chombo chenye ncha, kisha anaongeza vijiti vyembamba kimoja baada ya kingine mpaka nafasi iishe. Njia hii inafundishwa katika vyuo vingi duniani. Haihitaji mashine ya bei kubwa.

Njia ya pili ni ya moto. Ilienezwa na daktari Herbert Schilder wa Boston, Marekani, aliyeiandika mwaka 1967. Gutapacha inapashwa joto ndani ya mfereji na kushindiliwa kuelekea chini, ili iingie hata kwenye vijitawi vya pembeni.

Njia ya tatu ilitolewa na daktari wa Marekani, Ben Johnson, mwaka 1978. Gutapacha imevikwa juu ya kijiti kigumu. Inapashwa joto nje, kisha kijiti chote kinasukumwa ndani mara moja.

Njia ya nne ni ya kijiti kimoja. Daktari anatumia kijiti kinacholingana na upana wa mfereji, na saruji ndiyo inayojaza mapengo. Njia hii imependwa zaidi tangu zile saruji mpya za kalisi zilipokuja.

Wataalamu walipimaje ni ipi inayovuja?

Kwa miaka mingi walichukua meno yaliyong'olewa, wakayajaza kwa njia mbalimbali, wakayatumbukiza katika rangi ya buluu au wino. Baada ya siku kadhaa waliyapasua na kupima rangi imeingia umbali gani. Tatizo likawa kwamba majibu hayakulingana. Utafiti mmoja ulisifu njia ya moto, mwingine ukasifu ya baridi, na wa tatu haukuona tofauti. Tena rangi kuingia kwenye jino lililo mezani si sawa na vijidudu kuingia kwenye jino lililo mdomoni mwa mtu. Mwaka 2007 jarida kubwa la Marekani la fani hii, Journal of Endodontics, lilitangaza kwamba halitapokea tena tafiti za kulinganisha vijazo kwa kupima uvujaji wa namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2007, watafiti kutoka China walikusanya tafiti zilizofuatilia wagonjwa wenyewe, wakalinganisha njia ya moto na ile ya baridi. Maumivu baada ya matibabu hayakutofautiana. Kupona kwa muda mrefu hakukutofautiana. Tofauti iliyoonekana ni kwamba njia ya moto mara nyingi zaidi ilipitisha kijazo nje ya ncha ya mzizi.

Kwa hiyo, mama, usikate tamaa ukiambiwa kliniki iliyo karibu nawe hutumia njia ya baridi. Mkono wa daktari mwangalifu ndio muhimu kuliko chombo. Daktari akisafisha vizuri, kijazo kikafika karibu na ncha ya mzizi bila mapengo, na picha ya eksirei ikathibitisha hivyo, umepata kazi nzuri.

Jino huvuja zaidi kutoka juu

Hapa ndipo tunaomba usikilize kwa makini. Mzizi uliojazwa vizuri ukiachwa wazi juu, mate hupenya. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mizizi iliyojazwa na kuachwa bila kifuniko huanza kupitisha majimaji yaliyo mfano wa mate baada ya siku 3 tu. Mwaka 1990 wengine walipima vijidudu vyenyewe. Katika zaidi ya nusu ya mizizi waliyoipima, aina moja ya vijidudu ilifika mpaka mwisho wa mzizi kwa siku 19.

Mwaka 1995 watafiti wawili, Ray na Trope, walitazama picha za eksirei za meno 1,010 yaliyotibiwa mzizi. Pale ambapo mzizi ulijazwa vizuri na kifuniko cha juu kikawa kizuri, meno 91 hivi katika kila 100 hayakuwa na uvimbe kwenye mfupa. Pale ambapo mzizi ulijazwa vizuri lakini kifuniko kikawa kibaya, yalikuwa 44 tu katika 100. Na vyote viwili vilipokuwa vibaya, yalibaki 18 katika 100. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2011, uliojumlisha tafiti nyingi, ulithibitisha kwamba vyote viwili vinahitajika: mzizi uliojazwa vizuri na kifuniko kizuri.

Sasa tuangalie yanayotokea huku kwetu. Mgonjwa anatibiwa mzizi, anawekewa kijazo cha muda, kile cheupe kinacholainika kama chokaa. Anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Maumivu yamekwisha. Majani ya chai yamekomaa, au ni siku ya zamu shambani, au nauli ya kwenda Kericho mjini haipo. Anasema, "Nitaenda mwezi ujao." Mwezi unakuwa minne. Kijazo cha muda kimetengenezwa kukaa wiki chache, hakikutengenezwa kukaa miezi. Kinalika, kinapasuka, chai ya maziwa na sukari inapita kandokando, na vijidudu vinarudi ndani bila mtu kusikia uchungu wowote, kwa kuwa jino lile halina tena mshipa wa fahamu. Atakaposikia uchungu itakuwa ni jipu. Pesa za kwanza zimepotea, na mara nyingi jino linang'olewa.

Gego lina shida nyingine. Likishatibiwa mzizi huwa limechimbwa sana, na linaweza kupasuka ukitafuna mahindi ya kuchoma au mfupa. Ndiyo maana daktari hushauri kofia ya jino, inayolishika pande zote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mzizi na kukosa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovikwa kofia.

Na meno ya watoto je?

Kwanza, mama, lijue gego la miaka 6. Mtoto anapofika umri huo hivi, gego la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto. Hakuna jino linalong'oka ili kulipisha, hivyo wazazi wengi hudhani ni jino la utoto na kusema, "Acha lioze, litaota lingine." Halitaota lingine. Ukiona tundu au doa jeusi kwenye gego hilo, mpeleke mtoto mapema, kabla halijafika kwenye moyo wa jino. Kuziba tundu dogo ni kazi rahisi na ya bei nafuu kuliko kutibu mzizi.

Pili, meno ya utoto nayo hutibiwa mzizi. Magego ya utoto hukaa mdomoni mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12, na hulinda nafasi ya meno yajayo. Lakini hayajazwi gutapacha, maana hiyo haiyeyuki na ingezuia jino la kudumu linalokuja chini yake. Daktari hutumia dawa laini inayoyeyuka pamoja na mzizi.

Tatu, jino la kudumu linapoota, ncha ya mzizi wake bado iko wazi kama bomba. Huchukua takriban miaka 3 kufunga. Mtoto wa miaka 8 akianguka na jino la mbele likafa, kulijaza kwa njia ya kawaida ni vigumu, kwa sababu kijazo hakina mahali pa kuegemea. Miaka ya 1990 mtaalamu Mahmoud Torabinejad wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, alileta saruji iitwayo MTA, inayotokana na saruji ya kujengea iliyosafishwa. Huwekwa kwenye ncha kama kizibo, kisha kijazo hufuata juu yake. Hivyo mtoto aliyeumia jino apelekwe kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo, hata kama halimuumi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Unayo haki ya kuuliza, na daktari mzuri hukasiriki. Uliza haya:

1. Je, jino hili linafaa kutibiwa, au limeharibika mno?
2. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kijazo cha kudumu na kofia?
3. Nitarudi mara ngapi? Inawezekana kumaliza kwa siku moja?
4. Utatumia mpira wa kutenga jino ili mate yasiingie wakati wa kazi?
5. Naomba nione eksirei ya mwisho. Je, kijazo kimefika?
6. Kijazo nilicho nacho sasa ni cha muda au cha kudumu? Nirudi tarehe gani?

Swali la pili na la tatu ndiyo yanayookoa meno mengi. Watu wengi huanza wakiwa na pesa za nusu ya kazi. Mweleze daktari hali yako waziwazi: unafanya kazi ya kuchuma chai, unatoka mbali, pesa utapata wakati wa bonasi. Tafiti zimeonyesha kwamba meno mengi yanaweza kumalizwa kwa siku moja na yakapona sawa na yaliyotibiwa kwa siku mbili au tatu. Kama kofia haiwezekani sasa, omba kijazo cha kudumu kinachofunika jino vizuri kwa wakati huu. Na ukiona kabisa kwamba hutaweza kurudi, jadili na daktari kama kung'oa ni afadhali. Hilo si aibu, ni uamuzi wa busara.

Mahali pa kuanza kuuliza ni hospitali ya rufaa ya kaunti, iliyo Kericho mjini au ile ya Longisa kwa watu wa Bomet. Uliza kama matibabu ya mzizi yanatolewa hapo, au utatumwa kwingine. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua mahali pa NHIF, kwa hiyo uliza pia bima yako inalipia nini kabla hujaketi kwenye kiti. Mama mjamzito asiogope kutibiwa meno, ila amwambie daktari mimba ni ya miezi mingapi.

Dalili za kutokungoja

Kimbia hospitalini mchana au usiku ukiona uso au shingo imevimba, homa kali, mdomo haufunguki, au mgonjwa hawezi kumeza au kupumua vizuri. Usaha wa jino unaweza kuteremka shingoni na kuua. Usimwekee mtoto betri, mafuta ya taa wala aspirini kwenye ufizi. Vitu hivyo huunguza nyama, na jino linabaki bovu vilevile.

Mambo ya kukumbuka

Njia ya baridi au ya moto, zote huziba zikifanywa kwa uangalifu. Maumivu kuisha si dalili kwamba matibabu yamekwisha. Kijazo cha muda ni cha wiki chache. Gego lililotibiwa mzizi linahitaji kofia. Gego la miaka 6 ni la kudumu. Na tarehe uliyopewa ya kurudi, iandike kwenye kalenda ya ukutani, pale unapoandika siku ya kliniki ya mtoto.

Kama nyumbani kuna mtu mwenye kijazo cha muda tangu miezi iliyopita, mwambie leo jioni arudi kliniki wiki hii, hata kama hasikii uchungu. Huenda jino bado linaweza kuokolewa.

 Wiki ijayo tutazungumza juu ya kupiga mswaki meno ya mtoto mchanga. Mpaka hapo, kaa salama, wewe na jamaa yako yote.